Mkono Mpaka Begani

Mtu aliyekwenda Ulaya kuruka juu, akavaa nguo yenye jina la nchi kifuani, alikuwa anaogopa ngazi. Naanza hapo kwa sababu kila nikilisema hilo watu hunibishia, na mimi sipendi kubishiwa juu ya mtu aliyekula ugali wangu miaka yote ile. Pale ghalani, pamba ikikaribia bati, lazima mtu apande ngazi akaikanyage ishuke. Yeye hapandi ng'o. Atakupa sababu kumi, zote za uongo. Siku moja mume wangu alimbana, "Wewe nkoi, rafiki yangu, watu wanasema unapaa. Ngazi ya vidato sita ndiyo inakutoa jasho?" Akajibu bila hata kutabasamu, "Juu si pa kukaa. Juu ni pa kupita."

Tulimwita Mrukaji. Majina alikuwa nayo, la ubatizo na la kwao, lakini hapa siyatoi, na ukoo wake siuanzi maana hatutamaliza leo. Alipima pamba katika chama chetu cha ushirika, kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi kwenye njia ya Lalago. Siku hizo hakuna aliyejua neno Simiyu kama jina la mkoa. Tulikuwa watu wa Shinyanga, basi. Wakubwa wa ushirika walikuwa na timu ya michezo, wakamwona anaruka kwenye mashindano ya wilaya, wakampa kazi. Aliajiriwa kwa miguu yake. Lakini sisi wakulima tulimjua zaidi kwa mkono.

Ukileta gunia lako, hakuangalia uso wako wala hakuuliza wewe mke wa nani. Alikunja shati, akautia mkono ndani ya pamba mpaka begani, akafumba macho, akapapasa chini, pembeni, katikati. Kisha anautoa na kusema neno moja tu: safi, au fifi. Safi ni pamba nzuri, fifi ni ile yenye uchafu. Ukipewa fifi ulikuwa huna pa kukata rufaa. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuinyunyizia maji pamba yake ili iwe nzito kwenye mizani. Mrukaji akautoa mkono unang'aa, akauinua watu wote wauone, akamuuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, hii umeibatiza?" Watu tulicheka tukashika mbavu. Mzee yule hakumsalimia kwa misimu miwili, na wanakaa benchi moja kanisani.

Hata mimi sikupona. Mchana alikula kwangu, saa tisa akanirudishia gunia langu mbele za watu nikalichambue upya, ati lina majani. Nilimnunia wiki nzima. Akija kula nampakulia bila kusema neno, naye anakula bila kusema neno, anaosha mkono, ananishukuru, "Wabeja, shemeji," anakwenda zake. Siku ya nane nikachoka mimi. Yeye alikuwa hajui kuchoka kununiwa.

Sasa huo mchezo wake. Nilikuwa siuelewi mpaka aliponieleza kwa vijiti viwili na unyasi mmoja, pale jikoni. Unakimbia kwa kupinda, unageuka, unapita juu ya ufito kwa mgongo, uso mbinguni, miguu ikifuata mwisho. Nikamuuliza, "Na kushuka je?" Akasema hapo ndipo penye kesi, maana ukishashuka kwa mgongo huchagui pa kuangukia. Mashuleni kwetu walikuwa na shimo la mchanga, na mchanga unataka miguu. Ukiuangukia kwa mgongo utalala kitandani mwezi. Kwa hiyo wenzake wote wa kanda ya ziwa waliruka kizamani, mguu mmoja mmoja kama mtu anayevuka ua. Yeye peke yake alijifunza ule wa mgongo, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na lundo la pamba.

Jioni, mizani ikishafungwa, alisimamisha miti miwili ya mkonge mbele ya lundo ghalani, pale yanapomwagwa magunia yetu, akalaza ufito juu ya misumari, akahesabu hatua tisa kurudi nyuma mpaka nje ya mlango, uwanjani. Hapo wote tunanyamaza. Anakuja, anakuja, halafu hayupo tena chini. Kwa muda wa kumeza mate mtu yule alikuwa amelala hewani na mikono yake ameilegeza kabisa. Kisha pamba inamla, puu! Anatoka na nyuzi nyeupe kichwani kote, na kina mama tunapiga vigelegele. Mimi nimezaa watoto watano, nimeona mengi mazuri, lakini uzuri wa namna ile sijauona tena. Nasema kweli.

Watu walisema ana dawa. Kwetu mtu akishinda ngoma wanamtafuta mganga wake, ije iwe mtu kuruka kimo cha mlango na zaidi. Walikuja mpaka kwangu kuniuliza kama kuna kitu anachanganya kwenye chakula. Yeye aliwacheka. "Dawa yangu ni kuhesabu mpaka tisa," alisema. Lakini huyohuyo, siku ya mashindano, hakukubali mtu afagie njia yake ya kukimbilia, na kiatu cha kushoto alikivaa kwanza, na chakula cha mwisho kabla ya safari lazima kiwe ugali wa mtama uliosagwa kwa jiwe. Si wa mashine. Wa mashine alisema una haraka.

Jiwe lilikuwa langu, nililorithi kwa mama mkwe wangu. Jiwe pana la kusagia, la kijivu, na katikati yake ulipita mstari mwekundu kama mshipa. Alikuja mapema akakaa kwenye kigoda kunitazama nikipiga magoti na kusaga, akinihimiza kama bwana shamba. "Taratibu, shemeji. Hiyo ndiyo miguu yangu unaisaga." Mume wangu alikuwa akisema siku moja atatuibia lile jiwe aende nalo Ulaya.

Ulaya alikwenda mara moja. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda nchi za jirani mara kadhaa na kurudi na medali, nyingine akampa dada yake wa Mwanhuzi aning'inize ukutani. Lakini ya Ulaya ndiyo aliyoisimulia. Alisema walimwekea godoro la sponji, kubwa kama chumba. Jaribio la kwanza alipita, akaangukia pale, akabaki amelala mpaka mwamuzi akaja kumwamsha akidhani ameumia. "Nilikuwa natafuta mbegu," alituambia. "Pamba yetu inakuchoma kidogo na mbegu zake, unajua umefika nyumbani. Lile godoro halina mbegu, halina harufu, halina mwenyewe."

Halafu sauti yake inabadilika, maana anafika kwenye kisigino. Ufito ulipandishwa, wenzake wakaanza kuanguka mmoja mmoja, yeye bado yumo. Jaribio lake la mwisho mwili wote ulivuka. Kichwa, mgongo, makalio, magoti. Kisigino cha kulia kikaugusa ufito. Alisema akiwa amelala kwenye sponji aliutazama ukitetemeka, ukitetemeka, ukakaa kama unafikiri, ndipo ukaanguka. "Mbio zina mtu anayefika," alipenda kusema. "Huu mchezo wangu, hata bingwa humaliza kwa kuangusha." Alilisema kama utani, lakini mimi nilikuwa namwona machoni. Alitaka kurudi kule mara moja tu kabla miguu haijachoka. Hakutaka jambo lingine duniani. Hakuoa, hakujenga, ng'ombe hakununua, na kwetu mwanamume asiye na ng'ombe unajua anavyosemwa. Alikuwa anasubiri kwenda kukivusha kile kisigino.

Basi likaja soko huria.

Sitaki kulisema vibaya lote. Tulipata sabuni, tulipata vitenge, redio ilikuwa ya kila nyumba. Lakini ushirika wetu ulikufa kama ng'ombe wa kiangazi, anaanguka magoti ya mbele kwanza. Timu ya michezo ilivunjwa kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni. Kisha wafanyakazi wakapunguzwa, Mrukaji miongoni mwao. Wakaja wanunuzi binafsi, na ghala letu likakodishwa na mmoja wao, mtu mnene mchangamfu tuliyemwita Tajiri. Ng'ambo ya barabara akaja mwingine na mizani yake chini ya turubai. Wanagombea pamba yetu! Sisi tuliozoea kurudishiwa magunia tulijiona maharusi.

Mwaka uleule Mrukaji akapata barua kutoka Dar es Salaam. Wanachagua timu ya kwenda nje, naye ameitwa kujaribiwa, ila awasamehe, hawana pa kumfanyishia mazoezi, ajitayarishe mwenyewe hukohuko aliko. Alinisomea barua ile mara tatu nikiwa napepeta. Akaenda kwa Tajiri kumwomba kazi yake ya zamani ya kupima, na kumwomba jioni aachiwe lundo. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka chai.

Tajiri akasema, "Lundo ni lako, bwana, ruka mpaka uchoke. Lakini ule mkono wako uweke mfukoni. Ukiwapekua hawa watu wote watavuka barabara."

Mrukaji alikunjua mkono wa shati lake, akafunga kifungo. "Sawa," alisema.

Nikashangaa, sikuamini masikio yangu. Baadaye nilimtania, "Shemeji, leo umekubali fifi." Hakucheka.

Watu wakajua. Habari ya namna hiyo hailali njiani. Msimu ule mvua ilikuwa haba na pamba nyepesi, kwa hiyo mmoja akatia mchanga, mwenzake akatia maji ya chumvi, wa tatu akatia tofali. Tulikuwa tunasimuliana kisimani tukicheka, ushirika ulitupunja miaka yote, acha na sisi tupunje. Mzee wa kanisa naye alibatiza safari hii mpaka gunia likawa linachuruzika, na hakuna aliyeuinua mkono.

Na mimi. Lile jiwe langu lilikuwa limevunjika wakati wa palizi, mume wangu alipolisogeza apate kusiriba ukuta. Lilipasuka vipande viwili, kimoja kikubwa, kimoja cha kubebeka. Mrukaji alichuchumaa akajaribu kuviunganisha, mstari mwekundu ukakutana na mwenzake. Akasema, "Limekufa jiwe langu." Tangu hapo tukaanza kula unga wa mashine. Wakati wa kuuza nikakichukua kile kipande kidogo, nikakivingirisha pamba vizuri, ikabana, nikakisokomeza katikati ya gunia. Nilikuwa naimba. Huo ndio ukweli, nilikuwa naimba.

Utaniuliza, hukumfikiria? Nilijua anaruka pale, kijiji kizima kilijua. Lakini kichwani mwangu lundo la kuuzia lilikuwa moja na lundo la kurukia lilikuwa jingine. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Nimejaribu miaka yote kujieleza mimi mwenyewe na sijaweza.

Ilikuwa siku tano kabla ya safari yake. Jua bado lipo, watu wamejaa mlangoni, hata Tajiri alileta kiti chake. Ufito ulikuwa mahali ambapo sikuwahi kuuona. Alivaa ile nguo ya taifa, rangi imeshapauka. Akavaa cha kushoto kwanza. Akahesabu. Akaja, akageuka, akapita, na kisigino kikapita! Ufito haukutikisika hata kidogo. Tulipiga kelele ghala likaitika.

Pamba ikamla, puu. Hakutoka.

Tukadhani anatania, anatafuta mbegu. Kisha tukasikia sauti yake, ya kawaida tu, ikisema, "Kuna kitu humu." Alikuwa amelala chali. Miguu haikusogea. Akaunyoosha mkono wa kuume, akautia ndani ya lundo chini ya kiuno chake, mpaka begani, akafumba macho, kama zamani. Akakitoa kipande cha jiwe. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, nimeshika sahani ya ugali, nikauona mstari mwekundu. Alikitazama. Kisha akavuta pamba akakifunika.

"Nini hicho?" Tajiri aliuliza.

"Jiwe tu."

"La nani? Nani ameweka jiwe kwenye pamba yangu?" Tajiri akaanza kufoka, na kijiji kizima kikatazama chini, maana kila mmoja wetu alikuwa na chake mle ndani. Mrukaji akasema, "Sijui." Wakambeba juu ya mlango uliong'olewa, wakampakia kwenye lori la pamba mpaka hospitali. Mkononi alikuwa amekumbatia kifurushi cha pamba, na hakuna aliyemnyang'anya.

Uti wa mgongo. Miguu haikuamka tena. Timu ilikwenda, ikarudi, hatukusikia hata ilikokwenda. Alikaa kwetu miezi michache, halafu dada yake akaja kumchukua akakae naye Mwanhuzi. Nilimpikia mpaka siku ile ya kuondoka, na kila siku nilimeza maneno pamoja na mate. Alinishukuru vilevile, "Wabeja, shemeji." Neno lile lilikuwa linanichapa. Mume wangu sikumwambia. Amekufa hajui.

Ilichukua miaka kumi na zaidi nipate moyo wa kwenda. Mwanhuzi ni kukavu, upepo na ng'ombe, nikamkuta kwenye kiti cha magurudumu upande wa kivuli wa nyumba, anasuka kamba za mkonge za kufungia ndama. Nywele nyeupe, safari hii si pamba. Mikono yake ilikuwa imekuwa mikubwa sana.

"Mwadila, shemeji," nikamsalimia.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu.

Tukaulizana mvua, tukaulizana watoto, nikampa habari za waliokufa. Wakati wote huo nilikuwa natazama chini, maana mwanzo wa kamba yake ulikuwa umekandamizwa na jiwe ili usisogee, na jiwe lina mstari mwekundu. Nikasahau yote niliyoyapanga njiani.

"Shemeji, hilo jiwe..."

"Ni lako," alisema. "Nililijua siku ileile. Nimekula kwenye hilo jiwe miaka mingapi? Ningelisahau?"

Nikalia. Sikujali dada yake ananiona. Nilipoweza kusema nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningekutaja, kila aliyetia mchanga angekunyooshea kidole kisha akalale usingizi mzuri. Sikutaka walale." Aliendelea kusuka. "Na mkono wangu ulikuwa wapi? Mfukoni. Ningeutia kama ilivyonipasa, ningelikuta hata kabla ya mizani. Niliuza mkono nipate kuruka."

"Basi umenisamehe?"

"Nani kasema?" Akanitazama kwa mara ya kwanza, na macho yalikuwa makali kama siku aliyonirudishia gunia. "Kuna asubuhi nalitukana hilo jiwe mpaka dada anafunga dirisha. Nalitukana kwa jina lako. Kuna asubuhi nyingine naona kisigino kimepita, naona nyinyi mnapiga kelele, nanyamaza. Zote mbili zinakuja. Sichagui."

Niliinama nikakishika kipande. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokikumbuka. "Nipe nikakitupe mtoni, shemeji. Usikitazame tena."

"Kiache."

"Nakuomba."

"Kiache hapo. Ukikichukua hutarudi tena." Akaita ndani, "Dada! Mtama upo?" Upo, dada akajibu. Akanigeukia. "Hapa kwetu wananilisha wa mashine. Saga."

"Ni nusu jiwe, shemeji. Utamwagika."

"Saga taratibu."

Dada akatandika ngozi ya mbuzi chini, akanipa mtama na jiwe dogo la mkononi. Nikapiga magoti. Unga ulimwagikia upande ule uliovunjika, nikawa nauzoa kwa kiganja na kuurudisha, nauzoa na kuurudisha, naye ameacha kusuka ananitazama kama zamani, ila hakunihimiza.